Mwalimu Mfano na Daftari la Pamoja

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti na kwenye orodha ya mishahara. Shuleni, mtaani, hata dukani alikonunua sabuni, aliitwa Mwalimu Mfano, naye aliitika bila kuona haya, maana jina hilo alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na sita, kila mgeni aliyefika pale shuleni, awe mkaguzi, mfadhili au mwenyekiti wa kamati fulani aliyepotea njia, alipelekwa darasani kwake. Darasa la nne lilikuwa sebule ya shule. Madarasa mengine yalikuwa jikoni, na nani anayempitisha mgeni jikoni?

Tuseme kweli, alikuwa na kipaji. Si cha kufundisha. Katika kufundisha alikuwa wa kawaida tu, kama walimu wengi waliochoka. Kipaji chake kilikuwa cha kuonyesha ufundishaji. Somo la wageni alilifanyia mazoezi wiki nzima. Swali fulani litaulizwa, mtoto fulani atasimama, atakosea kidogo ili mambo yasionekane ya kupangwa, mwenzake atamsahihisha kwa adabu, kisha darasa litapiga makofi matatu. Na alikuwa na sheria yake ya mikono, ambayo kila aliyepita darasa la nne aliijua kuliko hesabu za kugawanya. Mwalimu akiuliza swali mbele ya mgeni, wote wanyooshe mikono. Anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mgeni anaona darasa zima limenyoosha, anatikisa kichwa kwa furaha, na mwalimu anachagua wa kulia tu. Kwa njia hiyo alipata vyeti vinne vya mwalimu bora, na vyote alivitundika sebuleni kwake, kimoja kikifunika ufa wa ukutani.

Mwaka huo mwalimu mkuu alikuwa anastaafu. Alikuwa mtu mpole, asiyependa makelele, na alichotaka ni kufika siku ya kuagwa bila kuandikiwa barua yoyote. Siku moja alimwita Mfano ofisini, akafunga dirisha.

"Ndugu yangu," alisema, "mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi. Ripoti yake ndiyo itakayosema nani akalie kiti hiki."

"Kwani kuna mwingine?" Mfano aliuliza, na hakuwa anatania.

"Safari hii hataki kuona ubao. Anataka kuona watoto wanaandika pamoja kwenye tableti. Daftari la pamoja, wanaliita."

"Watoto wangu wataandika," alisema Mfano. "Tangu lini wakaacha kuandika nisemacho?"

Usiku na mchana hakuwaza kingine ila kiti kile. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na nne. Kikimpita sasa, angebaki darasa la nne mpaka naye aagwe kwa kuimbiwa na watoto, apewe saa ya ukutani, akae nyumbani akiitazama.

Tableti zenyewe zilikuwa zimeshaletwa, kumi na mbili, pamoja na projekta moja. Mfadhili alikuwa na sharti moja tu: vifaa vikae kwenye chumba chenye mlango wa kufungwa kwa kufuli. Stoo ya shule haikuwa na mlango, mchwa waliumaliza zamani. Kikao cha walimu kilikaa saa mbili kikizunguka jambo hilo kama paka na uji wa moto, mpaka Mfano aliposimama.

"Mlango tunao," alisema. "Choo cha wasichana kina mlango wa mbao ngumu kabisa. Tuuazime kwa muda, mpaka bajeti ijayo."

Kikao kilipiga makofi. Mwalimu mkuu aliandika kwenye kumbukumbu kwamba ufumbuzi umepatikana bila gharama. Walimu wa kike waliangalia kalamu zao. Choo cha walimu kilikuwa na mlango. Kesho yake fundi alikuja na bisibisi, akang'oa huku, akapachika kule, akachonga kidogo upande wa bawaba, na tableti zikalala salama. Huo "muda" ulikuwa sasa umeingia wiki ya nane.

Mafunzo ya daftari la pamoja yalikuwa ya siku moja. Kijana aliyetumwa kufundisha alieleza kwa uvumilivu kwamba ni ukurasa mmoja ulio kwenye mtandao, kila mwenye ruhusa anauona kwenye kifaa chake, wote wanaandika kwa wakati mmoja, na kila mmoja anajulikana kwa jina lake na rangi yake. Mfano aliyashika hayo. Alijiandikisha kwa jina la Mwalimu Mfano, akachagua rangi ya dhahabu. Lakini kijana alipofika kwenye sehemu ya pili, ile ya kueleza kwamba daftari hilo linatunza kila kilichoandikwa na kila kilichofutwa, nani alifuta na saa ngapi, mwalimu wetu alikuwa nje anasimamia chai ya wageni. Aliporudi, wenzake walikuwa wanapiga picha ya pamoja. Alisimama katikati.

Kwa hiyo akabaki na elimu ya ubao. Kwenye ubao, kilichofutwa kimefutwa. Unapitisha kifutio, vumbi linapeperuka, mtoto wa mbele anakohoa, jambo limekwisha. Miaka ishirini na sita alikuwa anafuta, na hakuna siku ubao uliwahi kumshtaki.

Alipanga somo lake kama kawaida. Mada ni "Shule Yetu." Sentensi kumi na mbili, alizitunga mwenyewe Jumapili baada ya chakula. Shule yetu ni safi na inapendeza. Walimu wetu wanatupenda kama wazazi. Tunapenda kusoma kwa kutumia teknolojia ya kisasa. Na mengine ya namna hiyo, ambayo hata mbuzi angeyapitisha bila kutafuna. Watoto walikuwa thelathini na sita, akawagawa watatu watatu kwa kila tableti. Mmoja ni mwandishi, ambaye ameikariri sentensi yake. Wa pili ni mshikaji, kazi yake kushika tableti isianguke. Wa tatu hakuwa na kazi, akaambiwa atabasamu.

"Sasa mgeni akituuliza tunashirikianaje?" aliuliza mtoto mmoja mwenye domo.

"Mtasema mnagawana majukumu," alijibu Mfano, akajipenda sana kwa jibu hilo.

Mazoezi yalianza. Tableti namba moja inaandika, namba mbili inafuata, mpaka kumi na mbili, kila sentensi ikijitokeza ukutani kwa rangi yake. Ikiisha, mwalimu anasoma yote kwa sauti, darasa linapiga makofi, naye anafuta ukurasa wote ili kesho waanze upya. Ilikuwa nzuri kwelikweli. Tatizo lilikuwa tableti namba tisa.

Tableti hiyo ilikuwa na kifuniko cha betri kilicholegea. Ukiishika vibaya inazimika. Katika darasa zima ni mtoto mmoja tu aliyejua pa kubana kwa dole gumba, binti wa fundi viatu, msichana mwembamba wa miaka kumi, asiyesema mpaka asemeshwe, wa mkono wa kushoto mwaka mzima. Ndiyo maana akafanywa mshikaji. Siku ya kwanza ya mazoezi, mwandishi wa namba tisa alipomaliza sentensi yake ya maua, mshikaji naye akainamisha kichwa, akaandika. Ukutani, kwa rangi ya zambarau, chini ya maua, pakatokea maneno: Choo cha wasichana hakina mlango...

Watoto walicheka kwa kuziba midomo. Mfano hakungoja mwisho wa mstari. Doa halisomwi, linafutwa. Alibonyeza kwenye tableti yake, mstari mzima ukatoweka.

"Nani kakwambia uandike?" aliuliza.

"Mwalimu ulisema tuandike kuhusu shule yetu," alijibu binti yule kwa sauti ndogo.

"Wewe kazi yako nini?"

"Kushika."

"Basi shika."

Kesho yake akashika, na akaandika tena. Maneno yale yale, rangi ile ile. Mwalimu akafuta. Kesho kutwa tena. Hakuwa mkaidi wa kujibizana wala kununa. Alipokaripiwa aliomba radhi, na mazoezi yalipofika mahali pake aliandika, kama mtu anayebisha hodi asiyejua kama wenyewe wapo. Mfano alifikiri kumtoa, akamweka mshikaji mwingine, tableti ikazimika mara tatu katika sentensi moja. Akamrudisha. Akasema moyoni, siku yenyewe nitasimama nyuma yake mwenyewe. Mazoezi yakawa kumi na moja. Kufuta nako kukawa kumi na moja.

Mkaguzi alifika siku ya Alhamisi asubuhi. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na begi lililochakaa ambalo hakukubali mtu amshikie. Kiti chenye kitambaa walichomwandalia mbele alikipita, akaenda kukaa nyuma kabisa, kwenye dawati, magoti yakigusa ubao wa chini. Mwalimu mkuu alijikuta anakalia kile cha kitambaa peke yake, akatazama darasa zima uso kwa uso, hajui mikono aiweke wapi.

Somo lilikwenda kama maji mteremkoni. Moja, mbili, tatu, sentensi zikateremka ukutani bila kugongana. Watabasamu walitabasamu mpaka mashavu yakauma. Sentensi ya tisa ilipokaribia, Mfano alikuwa ameshasogea taratibu, amesimama nyuma ya binti wa fundi viatu, kivuli chake kimemfunika mtoto na tableti yake. Maua yakaandikwa. Rangi ya zambarau ikanyamaza. Namba kumi ikaingia. Mwalimu alipumua kama aliyetua gunia.

Yakaja maswali. Mfano akauliza la kwanza, mikono ikaruka, akachagua wa kulia, jibu likatoka safi. Hapo mkaguzi akaomba naye aulize moja.

"Ukipewa nafasi ya kuongeza sentensi moja kwenye habari hii, ungeandika nini?"

Mikono yote ikapanda. Mama yule akaitazama kwa muda, kulia na kushoto, akatabasamu kidogo.

"Nataka yule binti pale. Aliyenyoosha wa kushoto."

Mfano akawahi. "Huyo ana haya sana, mheshimiwa. Labda huyu wa mbele..."

"Mwalimu, hata mimi nimesoma darasa la nne, na mwalimu wetu alikuwa na sheria hii hii," alisema mkaguzi. "Tena mkono wangu ulikuwa wa kushoto mwaka mzima. Haya mwanangu, simama."

Binti wa fundi viatu akasimama, tableti kifuani, dole gumba limebana pale pale. Akamtazama mkaguzi, kisha akamtazama mwalimu wake. Mwalimu alikuwa anatabasamu kwa meno tu.

"Sina," akasema mtoto, akaketi.

"Haya, asante." Mkaguzi hakumlazimisha. Akatoa tableti yake kwenye begi. "Naomba mniingize na mimi kwenye daftari lenu, nilitazame vizuri."

Mfano alimwingiza kwa mikono miwili. Dakika kumi nzima mama yule alikaa kwenye dawati akipandisha na kushusha kidole, akisogeza miwani, akirudi nyuma, akisimama mahali fulani kwa muda mrefu. Mfano alidhani anazionea wivu sentensi zake. Alimkonyeza mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu, ambaye alisikiliza sehemu ya pili ya mafunzo lakini hakuelewa, akamkonyeza na yeye.

"Ripoti siku hizi tunaiandika kwenye daftari la pamoja vilevile," mkaguzi alisema akiaga. "Nitakushirikisha, mwalimu. Mhusika ana haki ya kusoma na kuandika maoni yake humo humo."

Mfano alirudi nyumbani akitembea katikati ya njia. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa barazani anashona mapazia ya ofisi ya mwalimu mkuu. Ndiyo, mapazia. Dirisha la ofisi lilishapimwa kwa kamba wiki mbili zilizopita, mwenye ofisi akiwa msalani.

"Vipi, wamekupa?" aliuliza mkewe, sindano mdomoni.

"Wewe shona tu, mama watoto."

Saa kumi alasiri simu ikalia. Ripoti. Mfano alivuta kiti, akafungua. Ukurasa ulikuwa bado unaandikwa, herufi zikitokea moja moja kana kwamba simu inafikiri yenyewe. Juu kulikuwa na vijiduara vya rangi rangi ambavyo yeye aliviona kama urembo. Akaanza kumsomea mkewe kwa sauti.

"'Somo lilikwenda vizuri sana.' Umesikia? 'Darasa lina nidhamu na kila mtoto anajua nafasi yake.' Umesikia?"

"Nasikia, baba. Endelea."

"'Somo hili limekwenda vizuri namna hii hii mara kumi na mbili katika majuma mawili, kama historia ya daftari inavyoonyesha, sentensi zilezile, kwa mpangilio uleule...'"

Sauti ikapungua. Akaendelea kusoma kwa macho. Mkaguzi alikuwa ameandika kwamba katika mazoezi yote kumi na moja, mwanafunzi mmoja tu ndiye aliyeandika kitu chake mwenyewe. Akataja tableti namba tisa. Akataja saa na dakika. Kila mara, alieleza, baada ya sekunde chache, maandishi hayo yalifutwa, na kila mara aliyefuta alikuwa Mwalimu Mfano. Kisha mama yule akaweka nukta mbili, akaanza kuandika maneno ya mtoto yalivyo. Choo cha wasichana hakina mlango...

Sasa hapa mtu mwenye akili zake angeweka simu chini. Angekwenda kunawa uso, angetafuta la kujitetea. Lakini mkono una mazoea yake, na wa Mfano ulifuta miaka ishirini na sita. Kabla kichwa hakijasema lolote, kidole kilishagusa mstari, kikaburuta, kikabonyeza. Mstari ukatoweka. Kwa sekunde mbili tatu aliona raha.

Ukarudi.

Akaufuta tena, haraka, jasho limemtoka juu ya mdomo. Ukarudi tena, mzima, na safari hii pembeni pakatokea kijisanduku chenye jina la mkaguzi na maneno machache: "Mwalimu, hapa tupo watu saba. Tunasoma. Tuachie tusome."

Akatazama vile vijiduara vya juu. Havikuwa urembo. Kimoja kilikuwa cha mkaguzi, kimoja cha mwalimu mkuu, ambacho mara hiyohiyo kilizimika, mwenyewe amekimbia. Vingine vilikuwa na majina aliyokuwa akiyaona chini ya barua za ofisi kuu, chini kabisa, karibu na mihuri. Na kimoja cha dhahabu, cha mtu aliyekamatwa anafuta mbele yao wote. Hapo alijua kwamba kiti kimekwenda, na hakuna wa kumlaumu ila yeye mwenyewe. Aliona uchungu wa kweli, na hatuna sababu ya kumcheka kwa hilo.

"Mbona umenyamaza?" mkewe akauliza. Akaacha cherehani, akaja kusimama nyuma ya kiti, akapitia ukurasa kwa macho, kisha akasoma kwa sauti yake ya kuhesabu sentimita, neno kwa neno, mstari ambao sasa haukuwa na wa kuufuta.

"'Choo cha wasichana hakina mlango, kwa hiyo mimi sinywi maji asubuhi mpaka nirudi nyumbani, na mchana kichwa kinaniuma.'"

Mama watoto akausoma tena bila sauti, midomo ikicheza.

"Huyu ni mtoto wa darasa lako?"

"Wangu."

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi."

"Na mlango mliutoa lini?"

"Wiki ya kumi sasa."

Mkewe akainua macho kutoka kwenye simu, akamtazama kama anayempima shati na vipimo vinakataa.

"Wiki kumi mtoto hanywi maji. Anakwambia, tena kwa maandishi. Ukasoma mara kumi na moja, baba, ukaona sawa?"

"Sikusoma," alisema Mwalimu Mfano. "Nilikuwa nafuta tu."